Koili ya antena niliyowaindi mwenyewe: juu ya bendi inaimba, chini kiziwi. Kosa liko wapi?

#1 Mjukuu wa Karani
Wakuu, salaam. Nina redio ya babu, Philips ya mbao ya valvu, aliyoinunua akiwa karani kwenye shamba la mkonge huku Muheza. Babu alifariki nikiwa darasa la sita, redio ikabaki juu ya kabati la bibi imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwaka huu bibi ameniambia anataka kuisikia tena. Nimejifunga kibwebwe.

Nimebadilisha kapasita zote za karatasi na zile kubwa za kuchujia umeme. Valvu zote zinawaka, hata lile jicho la kijani la mbele. Masafa mafupi inapokea. Masafa ya kati (MW) ilikuwa kimya kabisa. Nikapima koili ya antena ya MW, mita haisomi kitu. Waya mwembamba kama unywele umeota kijani na kukatika katikati.

Nikawaindi mpya: bomba la plastiki la maji, milimita 50 kwa nje. Waya wa shaba namba 24 nimepewa na fundi wa kuwaindi mota. Mizunguko 80 iliyobanana, na juu yake mizunguko 10 ya kuingizia antena. Kipimo nilikitoa kwenye makala ya Wamarekani.

Matokeo: kuanzia 1000 kHz kwenda 1600 inaimba vizuri mno. Kuanzia 800 kushuka ni kiziwi, na mshale ukifika karibu na 550 inapiga mluzi. Trima, ile kapasita ndogo ya kurekebishia, nimeizungusha mpaka upande wa juu ukakubali, upande wa chini haujali.

Kosa ni bomba, waya au mizunguko?

#2 Tuli Kama Maji
Natandika mkeka hapa. Ngoja waje wenyewe.

#3 Fundi Spika
Mkuu, kosa ni bomba. Plastiki hii ya maji wanachanganya vitu vingi, nyingine inanyonya nguvu ya masafa. Mimi natumia gamba la karatasi lile la katikati ya karatasi ya chooni, nalichemsha kwenye nta mpaka liache kutoa mapovu. Sijawahi kujuta.

#4 Msikilizaji wa Eastleigh
Sasa wadau. Kabla ya kulaumu bomba, hebu tuulize: makala ya Wamarekani ilikuwa imesema kapasita ya kutafutia stesheni ni ya ngapi? Wamarekani wanapenda ya pikofaradi 365. Redio nyingi za Ulaya za wakati ule zina ya karibu 490 au 500 kila upande.

Mizunguko 80 juu ya milimita 50 inatoa kama maikrohenri 240 (kipimo cha nguvu ya koili). Na 365 hiyo inakupeleka mpaka karibu 538 kHz, sawa kabisa. Lakini na 500 inashuka mpaka 460 kHz, chini ya bendi. Huko juu trima ilikuokoa kwa sababu ulipunguza uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Huko chini kapasita kubwa imefunguka yote, trima ya pikofaradi chache haiwezi kitu.

Kwa 500 unataka maikrohenri 180.

#5 Mjukuu wa Karani
Mkuu #4, umenifungua macho. Makala ilisema 365 na sikuitilia maanani. Basi 180 ni robo tatu ya 240. Nikitoa robo ya mizunguko nikabaki na 60, si ndiyo?

#6 Msikilizaji wa Eastleigh
Hapana kaka, usikate bado! Haiendi hivyo. Hesabu ya mhandisi Harold Wheeler ya 1928 ndiyo tunayotumia wengi: chukua nusu kipenyo kwa sentimita, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa mizunguko mara mizunguko, zidisha kwa 0.394. Halafu gawanya kwa jumla ya nusu kipenyo mara 9 na urefu wa koili mara 10. Jibu ni maikrohenri.

Ukipunguza mizunguko, mizunguko yenyewe inahesabiwa mara mbili, na urefu nao unapungua. Kwa 60 unapata kama 160, umepitiliza. Kwa 66 unapata 182. Anzia hapo. Waya uliokatwa kuurudisha ni kazi, kutoa zaidi ni rahisi.

#7 Mzee wa Valvu
Vijana, hamjambo. Nimesoma na nimefurahi kuona watu bado wanashika waya kwa mikono.

Kijana #6, hesabu yako nzuri ila umeruka jambo. Waya namba 24 ya nani? Mafundi mota wa kwetu wanatumia namba za Kiingereza, SWG. Hiyo 24 ni milimita 0.56 ya shaba tupu, na vanishi inafika kama 0.61. Namba 24 ya Wamarekani ni 0.51. Waya ukiwa mnene koili inakuwa ndefu, na koili ndefu ina nguvu ndogo. Mizunguko yake 80 kwa waya ule haifiki 240, iko kama 220. Basi anashuka mpaka 480 hivi, si 460. Na kupata 180 anahitaji karibu 69, si 66.

La pili, kwako mwenye uzi: ile koili ya zamani iko wapi?

#8 Msikilizaji wa Eastleigh
Shikamoo mzee. Nimekubali, mimi nilihesabu kwa waya wa 0.55 na vanishi yake. Asante kwa kurekebisha.

#9 Mjukuu wa Karani
Shikamoo mzee. Ile ya zamani nilitupa. Ilikuwa imeoza.

#10 Mzee wa Valvu
Marahaba. Mwanangu, koili iliyooza ndiyo kitabu cha redio yako, haitupwi. Tafuta jalalani kama halijachomwa. Ndani yake kulikuwa na mafungu mawili. Moja la kutafutia stesheni, jingine la kuingizia antena. Wewe hilo la pili umeweka mizunguko 10. Nina hakika ya zamani ilikuwa na mizunguko mingi sana, waya mwembamba, umekaa kando kidogo ya lile fungu kubwa.

Sababu ni hii. Fungu la antena lenye mizunguko mingi linaungana na uwezo wa waya wa antena na kupata mlio wake (masafa linayoitikia zaidi) chini kidogo ya bendi, kama 300 na kitu kHz. Kwa hiyo linasukuma upande wa chini wa bendi, mahali ambapo redio huwa dhaifu. Lenye mizunguko 10 linapendelea upande wa juu. Soma tena alichoandika #1: juu inaimba, chini kiziwi. Mimi hapo ndipo ninapoanzia, kabla ya hesabu ya 180.

#11 Fundi Spika
Mzee, heshima yako, lakini bado bomba sijaliacha.

#12 Sikio la Pwani
Wakuu, mimi nauliza ile ya zamani ilikatika kwa nini. Asipojua sababu, hii mpya nayo itakufa mwakani. Mimi najua redio za valvu zina volti 250 ndani. Umeme wa upande mmoja (DC) ukipita kwenye waya mwembamba wenye unyevu, shaba inaliwa polepole kama betri. Ndiyo ile kijani.

#13 Mzee wa Valvu
Unalosema ni kweli kabisa, ila si kwa koili hii. Hizo volti 250 zinapita kwenye koili za ndani ya makopo ya alumini, zile za masafa ya ndani (masafa ambayo redio hugeuzia kila stesheni), upande wa valvu inayotoa. Hizo ndizo hufa hivyo pwani, nimezifungua nyingi. Koili ya antena haina volti kubwa. Ina volti chache hasi za kudhibiti sauti tu, nyingine hazina kabisa. Hii imekufa kwa chumvi ya hewa, au kwa dawa ya kulehemu yenye asidi aliyoacha fundi wa zamani.

#14 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Au mende. Msicheke. Redio ya marehemu baba yangu ilinyamaza, fundi akafungua akakuta mende wamekula nta yote ya koili, na waya umekatika vipande. Niliviona kwa macho yangu. Tanga hii hii.

#15 Tuli Kama Maji
Bi mkubwa, kumbe mende wa Tanga ni mafundi wa kufungua koili!

#16 Kijana wa Michenzani
Assalaam alaykum. Bi mkubwa asemayo kweli, hata huku Unguja tunayaona. Lakini mie nataka kusema la unyevu, kwa sababu #3 kataja nta bila kueleza.

Nilikuwa na koili juu ya gamba la karatasi, kavu haina kitu. Asubuhi jua likiwaka inapokea vyema. Mvua za masika zikipiga siku mbili, stesheni inafifia, na mshale lazima uusogeze. Karatasi inakunywa maji. Nikafanya hivi: nikaliweka gamba tupu juani siku nzima, nikalitia ndani ya sufuria ya nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Mapovu madogo yakatoka kama dakika kumi, hiyo ndiyo hewa na unyevu vinavyotoka. Yalipokwisha nikalitoa, nikawaindi, kisha nikapaka nta nyembamba juu ya waya kwa brashi. Mpaka leo haijabadilika. Ila nta ikiwa nzito baina ya mizunguko inaongeza uwezo wa koili yenyewe wa kuhifadhi chaji, na upande wa juu wa bendi unapungua. Kiasi.

Plastiki hainywi maji, basi mwenye uzi kwa hilo yuko salama. Ila chumvi inakaa juu ya plastiki. Pangusa kwa spiriti.

#17 Msikilizaji wa Eastleigh
Hakuna aliyegusa ule mluzi wa 550. Nilikuwa na wazo tamu: redio hizi za Philips nyingi zinatumia 452 kHz kwa masafa ya ndani. Koili ya antena ikishuka mpaka 460, iko jirani kabisa na 452. Sauti ya ndani inarudi mlangoni na kujizungusha yenyewe, mluzi unaanza. Lakini mzee amesema ni 480, si 460. Wazo langu limepungua nguvu, ila silitupi.

#18 Antena Ndefu
480 na 452 ni mbali kwa koili nzuri, lakini hii si nzuri, iko juu ya bomba pana karibu na chesisi ya chuma. Mlio wake ni mpana. Inaweza kuzigusa zote mbili. Mimi naongeza: koili ya zamani ilikuwa ndogo, labda imefunikwa. Hii ya milimita 50 inaiona kila koili nyingine mle ndani. Mluzi wako ni kuonana kwa koili. Igeuze isimame wima kinyume na zile za makopo uone.

#19 Bin Salim wa Muscat
Wakuu, nawafuatilia kutoka Oman, nilizaliwa Pemba. Hapa nimefanya moja ya aina hii, niongeze la waya.

Kwenye 1 MHz umeme unapita kwenye ngozi ya shaba tu, kina chake kama milimita 0.066. Waya mnene wa mota unalipa shaba nyingi isiyofanya kazi. Wazee walitumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, kila uzi na vanishi yake. Ndiyo maana koili zao ndogo zilikuwa kali. Waya huo unaupata kwenye fimbo ya feraiti, ile nyeusi ya antena ya ndani, ya redio ndogo mbovu, ukiufungua kwa subira.

Hatari yake ni kwenye kulehemu. Uzi mmoja ukibaki na vanishi, au ukikatika bila kuuona, faida inapotea. Mimi nilitumia kidonge cha aspirini: unabana nyuzi juu ya kidonge kwa ncha ya moto ya pasi ya kulehemu, vanishi inaliwa na nyuzi zinang'aa. Moshi wake mkali kwa pua na macho. Fungua dirisha, geuza uso, kisha osha nyuzi kwa spiriti maana mabaki ni asidi.

#20 Sikio la Pwani
Na asidi ndiyo hiyo mzee aliyoilaumu #13.

#21 Bin Salim wa Muscat
Ndiyo maana nimesema osha.

#22 Mwana wa Tukuyu
Samahani kwa kutoka nje kidogo. Babu yangu mimi alikwenda kufanya kazi migodini Copperbelt, Zambia ya leo, kama wazee wengi wa Rungwe. Alirudi na ile redio ya mviringo ya alumini, watu wakiiita sufuria. Harry Franklin wa redio ya Lusaka ndiye aliyeihangaikia mpaka kiwanda cha betri cha Ever Ready kikaitengeneza, 1949, paundi tano. Ilikuwa ya masafa mafupi, ya betri. Nimeifungua: koili zake ni za mizunguko michache tu ukilinganisha na hizi zenu za 80. Bado ninayo, haina betri ya kuifaa.

#23 Mzee wa Valvu
Tukuyu, usiiguse hiyo kabla hujaipiga picha kila upande. Fungua uzi wake, nitakuja.

#24 Fm Tupu
Wakuu, redio ya FM ni elfu kumi. Mnateseka na waya mwaka mzima kutafuta stesheni gani? Masafa ya kati watu wamehama.

#25 Mjukuu wa Karani
Mkuu, bibi hajaomba redio ya elfu kumi. Ameomba hii. Na usiku masafa ya kati hayajahama: juzi saa tano nimekaa na bibi tukasikiliza Kiarabu na Kihindi kutoka ng'ambo ya bahari. Bibi akasema babu alikuwa anaacha hivyo hivyo mpaka usingizi umchukue.

#26 Antena Ndefu
Mwenye uzi, usikate waya bado. Tengeneza kijiti cha kupimia. Kalamu tupu ya plastiki, ncha moja gundisha kipande cha feraiti, ncha nyingine kipande cha shaba ya manjano, hata bomba fupi la kalamu kuukuu. Tafuta stesheni dhaifu upande wa chini. Ingiza ncha ya feraiti katikati ya koili: sauti ikipanda, mizunguko ni michache. Ingiza ya shaba: ikipanda, mizunguko ni mingi. Zote mbili zikipunguza, koili iko sawa na shida iko kwingine. Tazama jicho la kijani: likibana, stesheni imepata nguvu. Ni kweli kuliko sikio.

Na jambo la usalama: kama hiyo redio ni ile isiyo na transfoma ya umeme, chesisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Kijiti kiwe cha plastiki, mkono mmoja mfukoni.

#27 Mjukuu wa Karani
Nimerudi. Transfoma ipo, nimehakikisha. Kijiti nimetengeneza jana usiku, taa nimezima ili nilione jicho.

Kwenye 1400: feraiti inafungua jicho, shaba nayo inalifungua. Yaani zote zinapunguza, sawa. Kwenye 700 hivi: feraiti inapunguza, shaba inapandisha. Jicho lilikuwa na pengo la kidole, likabana mpaka nusu. Nikaingiza shaba zaidi, likaanza kufunguka tena.

#28 Msikilizaji wa Eastleigh
Mizunguko mingi! Kama nilivyosema.

#29 Mzee wa Valvu
Ni mingi, nakubali. Lakini jicho limebana nusu tu. Koili ikishakuwa sawa na jicho bado halibani, nusu iliyobaki ni ya nani? Ni ya fungu la antena.

#30 Sikio la Pwani
Au ni ya kapasita ndogo ya mfululizo kwenye koili ya osileta. Osileta ndiyo inayoweka stesheni mahali pake kwenye kioo. Koili ya antena haisogezi stesheni, inaongeza nguvu tu. Kapasita ile ikiwa imezeeka, osileta na antena haziendi pamoja upande wa chini, hata koili iwe ya dhahabu. Mwenye uzi, stesheni za chini zinakaa kwenye namba zake?

#31 Mjukuu wa Karani
Sina uhakika wa zote. Moja ninayoijua inasomeka kama 20 kHz juu ya ilipo.

#32 Sikio la Pwani
Haya.

#33 Mzee wa Valvu
Kioo cha zamani hicho, mbao zimevimba na kamba ya mshale imelegea. 20 si ushahidi.

#34 Mjukuu wa Karani
Wakuu, nimetoa mizunguko kumi, imebaki 70. Sikukata, nimeacha mkia pembeni. Koili nimeigeuza isimame wima kama alivyosema #18. Trima nimeirekebisha upya juu.

Sasa 700 inaingia safi mchana, kitu ambacho hakikuwepo. Inafika mpaka kama 620 kwa nguvu ya kutosha. Chini ya hapo bado dhaifu. Mluzi umepungua lakini haujaisha. Nilifanya mambo mawili kwa pamoja, kwa hiyo sijui ni mizunguko au ni kugeuza. Jana mvua ilinyesha na mluzi ukarudi kidogo, leo jua, umetulia.

#35 Kijana wa Michenzani
Unyevu huo, ndugu yangu. Spiriti.

#36 Fundi Spika
Bomba hilo.

#37 Antena Ndefu
Rudisha koili ilivyolala, uache mizunguko 70, upime. Jambo moja kwa wakati.

#38 Mjukuu wa Karani
Nitafanya kesho. Mzee #10, hilo fungu la antena nilifanyeje? Mizunguko mingapi, waya gani? Fundi mota hana waya mwembamba chini ya 0.3.

#39 Mzee wa Valvu
Waya wa milimita 0.1 hivi. Anza na mizunguko 250 iliyorundikwa kwenye kijigamba chembamba, si safu safu. Uiweke mwisho wa koili kubwa upande wa ardhi, nafasi kama nusu sentimita. Usibanane nayo. Ukiona upande wa chini umepanda na wa juu umeshuka sana, punguza. Hakuna hesabu nzuri ya hili, ni kusikiliza.

#40 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Kijana, uko Tanga wapi? Nina transfoma ya kengele ya mlango imeungua upande mmoja. Upande wa umeme mkubwa waya wake mwembamba mno, vanishi ya kahawia, bado mzima. Fundi alisema nitupe, nimekataa.

#41 Mjukuu wa Karani
Shikamoo bi mkubwa. Niko Chumbageni. Jumamosi asubuhi nitakuja Ngamiani na daladala ya kwanza. Nakuja na chupa ya spiriti na kipande cha mbao cha kuuzungushia, ili nisiukate nikiufungua.

#42 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Marahaba. Njoo na bibi yako kama anaweza kutembea. Chai itakuwa tayari.